Maandishi Niliyoyafuta Ndani ya Gari la Shamsa

Nisikilize taratibu, wewe uliyefungua ukurasa huu. Leo nataka kukueleza habari za gari, na najua wengi hukimbia wakisikia hivyo, wakidhani wataulizwa majina ya vyuma. Usiogope, hutahitaji kujua chuma hata kimoja. Juma lililopita nilikuwa darasani, chuoni ninakofundisha ufundi wa magari, nikiwaonyesha wanafunzi namna ya kufungua breki bila kupoteza springi, simu ikatetemeka mfukoni. Ulikuwa ujumbe wa sauti kutoka kwa Shamsa, ambaye nilimjua akiwa msichana wa miaka kumi na sita na sasa ni mama wa watoto wawili. Alisema Mzee Nassor amefariki kwao Unguja na amezikwa siku ileile alasiri. Akasema amelia ndani ya gari kwenye maegesho ya duka kubwa mpaka mlinzi akaja kumgongea kioo. Niliwapa wanafunzi mapumziko, nikakaa juu ya tairi. Nililia kidogo, kisha nikacheka, kwa sababu Mzee angechukia kuliliwa saa za kazi. Na nikisema nikusimulie habari zake peke yake, angenikataza pia. Angesema, "Anza na gari, mwanangu. Mimi nilikuwa nalimulikia taa tu."

Basi nianze na gari. Lilikuwa gari la mashindano la kiti kimoja, la vijana. Magurudumu yake yako nje kabisa, injini iko nyuma ya mgongo wa dereva, na dereva mwenyewe hakai kama tunavyokaa mimi na wewe, bali hulala nusu, miguu kaielekeza kwenye pua ya gari. Kijana aliyezoea vigari vidogo vya mbio huanzia hapo kabla ya kufikia magari makubwa ya mashindano. Ile sehemu anamolala dereva tuliiita beseni. Haikutengenezwa kwa bati. Ni nyuzi nyeusi za kaboni zilizofumwa kama kitambaa, zikalowekwa gundi na kuokwa mpaka zikakakamaa: tabaka la nje, tabaka la ndani, na katikati yake kitu chenye vijumba kama sega la asali. Ni jepesi kiasi kwamba watu wawili hulibeba, lakini likigonga ukuta humlinda mtu kuliko chuma. Lina kasoro moja. Chuma kikiumia hupinda, nawe ukaona. Beseni huweza kuumia kwa ndani, na nje likabaki linang'aa kama bwana harusi.

Gari letu lilikuwa limekwisha kuishi maisha mawili kabla ya kufika Dubai. Lilizaliwa Ulaya, vijana wa kule wakalikimbiza kwa misimu kadhaa. Lilipotoka toleo jipya likauzwa Mashariki ya Mbali, likakimbizwa huko katika mvua na joto. Kisha likaletwa kwetu ndani ya kontena, pamoja na maboksi ya vipuri na karatasi chache zisizotosha. Gari la vijana ndivyo lilivyo, halina mtu wake wa kudumu. Dereva hukaa nalo mwaka mmoja au miwili, akakua, akaliacha kama sare ya shule. Anayelijua kweli ni fundi, na fundi naye huhama.

Mimi niliingia kwenye gereji ile mwaka 2013 nikiwa na miaka ishirini na tatu, ndoo mkono mmoja na tambara mkono wa pili. Kabla ya hapo nilikuwa nimesafisha vyumba vya hoteli Al Garhoud kwa miaka miwili, vyumba vya watu wanaolala kwa saa nne tu na kukimbilia ndege. Kampuni yetu ya usafi ikapata kazi kwenye safu ya gereji zilizo kando ya uwanja wa mashindano, nikapelekwa mimi. Tulikuwa wanawake sita katika chumba kimoja Al Barsha, vitanda vya ghorofa, pasi moja, na zamu ya bafu iliyoheshimiwa kuliko sheria za barabarani. Nilipoiona sakafu ya gereji nilishangaa. Ilikuwa imepakwa rangi ya kijivu, safi kuliko chumba chetu, na zana zimepangwa ukutani kila moja katika kivuli chake kilichochorwa, hata ukichukua spana ukuta wenyewe unakudai. Ofisi ya arbab, mwenye gereji na baba yake Shamsa, ilikuwa upande mmoja nyuma ya kioo. Upande wa pili kulikuwa na kona ya chai, na hapo ndipo nilipopata elimu yangu.

Mzee Nassor ndiye aliyekuwa fundi mkuu, Mzanzibari aliyekaa Dubai tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, ngamia walikuwa na nafasi ya kugeuka. Mkewe, Bi Zuhura, alimfungashia mkate wa kumimina na chupa ya chai ya tangawizi. Mimi nilileta ugali na sukuma wiki kwenye bakuli la plastiki. Mtu wa tatu wa kona ile alikuwa Salongo, mlinzi wa getini kutoka Uganda, baba wa mapacha, ambaye hakuleta chochote ila hamu ya kula.

"Huu ugali wenu wa bara," Mzee alikuwa akisema, akiubonyeza kwa kidole, "siku jeki ikiharibika tutauweka chini ya gari."

"Na huu mkate wa mchele!" Salongo alidakia mdomo umejaa. "Mzee, kwetu mchele ni chakula, si keki. Nyie watu wa kisiwa mnacheza na chakula."

"Ndiyo maana umekula vipande vitatu? Unanisaidia kuuzuia mchezo?"

Baada ya chai Mzee alinipa tochi nimmulikie. Hakuniuliza kama nataka kujifunza. Alitaja kila alichokigusa, kwa Kiswahili kama kipo, kwa Kiingereza kama hakipo, na kesho yake aliniuliza. Nikikosea alisema, "Hebu litazame tena, halijakasirika." Nimefundisha miaka mingi sasa na sijapata sentensi bora ya kumwambia mwanafunzi aliyekosea.

Kiangazi kikaingia, na kiangazi cha Dubai mashindano hulala. Mzee alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, akaenda Unguja kupasuliwa, akapitisha Ramadhani na Idi hukohuko. Wiki ya kwanza tu ya kuondoka kwake arbab akanisimamisha mbele ya lile gari. Alikuwa ameamua kuwa msimu ujao Shamsa ataliendesha, na kabla halijapakwa rangi alitaka lisafishwe mpaka ndani. "Liwe kama jipya," aliniambia.

Nilitoa kiti, nikachungulia ndani ya beseni, nikasikitika. Kuta zote mbili zilikuwa zimejaa maandishi ya kalamu nyeupe na ya rangi ya fedha: tarehe, mishale, herufi za Kizungu zenye vidoti juu, herufi za Kichina, vifupi vya majina. Nilidhani ni utundu wa vijana, kama wanafunzi wanavyochora madawati. Hotelini tulifundishwa kuwa alama yoyote ambayo haipo kwenye picha ya chumba kipya ni uchafu. Lakini tulikuwa pia na desturi yetu wenyewe, ambayo hakuna bosi aliyetufundisha. Waulize waliofanya kazi za ndani na za hoteli Ughaibuni, watakwambia: piga picha kabla hujagusa. Madam akisema umekwaruza meza, umwonyeshe kwamba mkwaruzo ulikuwepo kabla hujaingia. Basi nikapiga picha ukuta wa kulia, kipande kwa kipande. Nilipogeukia wa kushoto, simu ikaniambia imejaa. Ningeweza kufuta picha za zamani. Nikasema moyoni, kushoto si ni kama kulia tu? Nikafungua chupa ya spiriti. Kufikia adhuhuri beseni lilikuwa jeusi tupu, linameremeta, na arbab akanisifu mbele ya Salongo. Nililala na furaha siku ile.

Mzee alirudi mwisho wa Agosti akiwa na macho mapya na maringo mapya. "Sasa nawaona hata wanaonidanganya," alitutania. Gari lilikuwa limeshapakwa rangi ya zambarau, jina la Shamsa ubavuni. Mzee alilizunguka akilisifu, akanyanyua kiti, akawasha tochi, akaingiza kichwa. Akakaa hivyo muda mrefu. Alipotoka, uso wake ulikuwa umeanguka.

"Nani kafuta?"

Salongo, aliyekuja kutafuta mkate, alijibu upesi. "Huyo Biju. Si ndiye alikuwa anashinda na machupa ya spiriti?" Biju alikuwa fundi msaidizi, mtu wa Kerala, na wiki mbili kabla alikuwa amerudi kwao moja kwa moja.

"Biju nimefanya naye kazi miaka sita. Hawezi kufanya hivi."

"Ni binadamu, Mzee."

Mimi nilikuwa nasuuza vikombe ambavyo vilikuwa vimeshasuuzwa. Mzee alipokwenda kuswali, Salongo akanisogelea, akaniita kama wanavyomwita dada kwao. "Nyabo, nyamaza kimya. Biju yuko kwao anakula nazi, hakuna wa kumfukuza. Wewe viza yako ni ya kampuni. Ukisema, arbab atadai hakukutuma kufuta, kesho uko kwa ndege." Alisema kwa upendo, na alisema kweli. Nikakata shauri kunyamaza. Nafsi yangu ikapata utulivu wa kama robo saa.

Kisha Shamsa akaja kupimiwa kiti. Aliingia na baba yake, anacheka, kavua viatu, soksi nyekundu. Akajitumbukiza ndani ya beseni, nami nikamsikia akimwambia baba yake kwa Kiingereza, "Mwaka jana sikufika kwenye pedali. Tazama sasa! Mguu unaegemea hapa, hapahapa," huku akigongagonga ukuta wa kushoto kwa kisigino. Nilizitazama zile soksi nyekundu. Sikujua bado maandishi yale yalisema nini, ila nilikuwa nimeuona uso wa Mzee, na mtu haangushi uso hivyo kwa ajili ya michoro ya watoto.

Nikamfuata kwenye meza ya zana. "Mzee, si Biju. Ni mimi."

Aliendelea kupangusa spana. "Kulia na kushoto?"

"Kote."

"Na mbona unanambia? Biju keshakwenda zake."

"Kwa sababu yule mtoto anaweka miguu pale."

"Alhamdulillahi," akasema. Halafu ndipo alipokasirika. "Umefuta miaka kumi, mwanangu! Wallahi, miaka kumi, kwa chupa moja ya spiriti!" Alipiga meza, spana zikaruka. Kisha akavuta stuli mbili, akanieleza kama ninavyokueleza wewe. Mafundi wa magari haya wana mila yao. Karatasi hupotea, gari linapouzwa faili hubaki kwenye kabati la mtu. Kwa hiyo anayetengeneza beseni huandika palepale, ndani, alichokitengeneza, lini, na kifupi cha jina lake. Fundi wa nchi nyingine, miaka mingi baadaye, anatoa kiti na anasoma. "Hawa hawajuani," alisema. "Mjerumani na Mmalesia hawatakutana mpaka kiyama. Lakini wanaamkiana humu ndani."

Ndipo nikakumbuka. "Mzee, upande wa kulia ninazo picha."

Nilizitoa picha moja moja. Mzee alimwita Shamsa na simu yake yenye kutafsiri, tukakaa watatu pale kwenye kona ya chai, vichwa vimegusana. Maandishi yalisema gari lilikuwa limegongwa mbele kulia Ulaya, likapakwa tabaka mbili mpya. Lilikuwa limebadilishwa boliti za mkanda. Huko Mashariki ya Mbali lilikuwa limepinduka kwenye mvua na dereva akatoka mzima. Fundi wake alikuwa amechora uso unaocheka. Shamsa alicheka naye. Kisha tukafika kwenye picha ya mwisho, karibu na pedali: mshale unaoelekea kushoto, na maneno mawili. Shamsa aliiweka simu juu yake, akasoma, akanitazama. Yalisema, "Tazama ng'ambo."

Ng'ambo hakukuwa na kitu. Ng'ambo nilikuwa nimepasafisha.

"Nami kwa ukungu wa macho sikuwahi kuyasoma ya kushoto. Basi tutalisoma kwa masikio," Mzee akasema. Akatoa sarafu ya dirhamu mfukoni. Umewahi kumwona mnunuzi wa chungu sokoni akikigonga kwa kidole? Ndiyo hiyohiyo. Beseni zima hulia sauti nyembamba, ting. Pale ambapo tabaka zimeachana hulia sauti nzito, tup, kama mtu aliyejibu na mdomo umejaa ugali. Mzee aligonga kwa dakika kumi kisha akanikabidhi sarafu. "Masikio yangu yameliwa na injini. Nimeletewa macho mapya, masikio hawakunipa. Gonga wewe. Taratibu, kama unabisha hodi kwa mgonjwa." Tulichora ukuta wa kushoto miraba midogo kwa chaki, nami nikagonga kila mraba asubuhi tatu mfululizo, kabla gereji jirani hazijawasha mashine. Asubuhi ya tatu, mbele kabisa, penye kisigino chenye soksi nyekundu, sarafu ikasema tup. Pakubwa kama kiganja. Nikarudia. Tup. Mzee akainamisha sikio, akatikisa kichwa, hakusikia tofauti yoyote. Akasema, "Umesikia?" Nikasema nimesikia. Akasema, "Basi ipo," akaenda kumwita arbab.

Arbab aliongea Kiarabu muda mrefu, mikono hewani, akinitazama mara kwa mara. Alipomaliza, Mzee alinigeukia. "Anasema amesikitika."

"Hayo yote ni amesikitika?"

"Mengine alikuwa ananitukana mimi, hayakuhusu."

Lakini mengine nilielewa bila mkalimani. Rangi imeshapakwa, wageni wamealikwa kuja kumtazama binti akianza msimu, na sasa msafisha vyumba amekuwa daktari wa gari lake? "Khalas," alisema, yaani mjadala umekwisha, "gari litakwenda." Nilisimama pale na sarafu mkononi, na nakiri kwako kwamba niliifikiria ndege ya Salongo.

Shamsa ndiye aliyenyoosha mkono. Nikampa sarafu. Akalala chali sakafuni, akaingiza mkono kwenye pua ya gari, akagonga: ting, ting, ting, tup. Akagonga tena. "Baba," akasema, "njoo usikie." Arbab alisita, kanzu yake nyeupe kama maziwa. Salongo akakimbia na tambara safi akalitandika, na arbab akapiga magoti, akasogeza sikio. Binti akagonga. Shamsa akamwuliza kitu kwa Kiarabu, sentensi fupi. Baadaye Mzee alinieleza kuwa aliuliza, "Ungeniweka hapa?" Arbab akainuka, akapangusa magoti. "Khalas," akasema tena, lakini hii ilikuwa khalas nyingine kabisa.

Beseni lilipelekwa kwa mafundi wa nyuzi za kaboni. Walipokwangua rangi walikuta tengenezo la zamani ambalo tabaka lake la juu lilikuwa limeachana na la chini, hata Mzee akachomeka kadi ya vocha ya simu ikazama nusu. Shamsa alikosa mashindano mawili ya mwanzo. Alinuna, kisha akaanza kuja gerejini alasiri kunisaidia kuosha vipuri, na hapo ndipo urafiki wetu ulipoota. Kampuni haikunirudisha nyumbani. Mzee alimwambia arbab anahitaji masikio, arbab akaongea na kampuni, na mwaka uliofuata viza yangu ikaandikwa msaidizi wa fundi.

Gari liliporudi, Mzee alinipa kalamu nyeupe. Kwanza tuliyarudisha maandishi yote ya kulia kutoka kwenye picha, hata ule uso unaocheka. Kisha akaniambia niandike ya kushoto. Nikaandika tarehe, kazi iliyofanyika na kifupi cha jina langu. "Bado," akasema. "Andika na lile lingine." Nikaandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: hapa palikuwa na maandishi ya zamani, niliyafuta mimi kwa kutojua, kilichopotea hakijulikani, gonga kabla ya kuamini. Shamsa aliendesha gari lile msimu mzima. Hakugonga ukuta hata siku moja. Alimaliza wa tisa mara nyingi na kulalamikia gia kila mara. Kwa hiyo sijui mpaka leo kama sarafu ile iliokoa mguu wa mtu, na nashukuru kwamba sijui. Msimu ulipokwisha gari likauzwa tena, likaondoka ndani ya kontena kwenda kwa vijana wengine. Mahali fulani kuna fundi ametoa kiti akamulika tochi, akakutana na kosa langu limeandikwa vizuri, na jina langu chini yake.

Mwaka ule sikuwa shujaa, maana robo saa nzima nilimwacha Biju abebe mzigo wangu akiwa mbali bila kujua. Ila nilipata watu walionipa nafasi ya kuutua chini. Mzee Nassor alinieleza baadaye kwa nini alimshukuru Mungu kabla ya kunigombeza: asiyejua hufundishwa, lakini anayeficha, alisema, utamfundisha wapi na hata hayupo? Kwa hiyo kama kuna kitu umekivunja, umekifuta au umekiruka katika kazi ya watu, na hakuna aliyekuona, usingoje wakuulize. Nenda leo kwa mwenye kazi, mwambie ni nini, ni wapi, na ni lini, kisha baki hapo umsaidie kutafuta.